Bonge

Tulilitoa Februari, chini ya Mtaa wa Peldu,
mimi na Raitis, kwa koleo na matusi:
bonge la mafuta, refu kama tramu ya Liepāja,
jeupe mithili ya jibini,
gumu kama kosa lisilokiriwa.

Ofisi ya majitaka ilitaka lizikwe kimya kimya.
La kuvunda halina ubani, walisema.
Ndipo Vizma mchongaji akaja na buti za kuazima,
akaliinamia, akanusa, asikunje uso.
"Nipeni kipande," akasema. "Cha kimo changu."

Aprili akalisimamisha uwanjani, ndani ya kioo,
mbele ya duka la mikate, penye foleni.
Hakulipa kichwa, hakulipa mabawa,
hakutundika bango la kukaripia.
Alilipasua tu katikati, kama keki,
akawasha taa nyuma yake,
na chini akaandika maneno manne:
Hiki kimetoka jikoni kwenu.

Watu, mikate kwapani, wakaanza kusoma matabaka.
Vijiti vya masikio. Uzi wa meno.
Tishu za kupangusia watoto, zile ambazo pakiti huapa kuwa huyeyuka,
hazikuyeyuka hata ncha.
Askari wa plastiki, mguu mmoja.

Bi Austra wa ghorofa ya tatu alikawia pale,
kisha akagonga kioo kwa ukucha:
"Ile hereni yangu.
Nilimfukuza mpangaji kwa ajili yake."
Hakuna aliyecheka.

Nami, miaka ishirini na miwili chini ya nyayo zao,
mimi niliyewatukana wote kwa majina ya mitaa,
nikaona, katika tabaka la manjano,
mbaazi za kijivu, zile za Krismasi,
tunazopika na nyama ya nguruwe ya moshi.
Mji mzima huzipika, nilijiambia.
Lakini nani, kila mwaka, huinamisha kikaango kingali moto
juu ya sinki, kisha hufungulia bomba,
akidhani maji hulipa deni?

Usiku nilikwangua kikaango kwa gazeti la juzi,
nikamimina mafuta kwenye chupa tupu.
"Umeanza lini hayo?" Mirdza akauliza.
"Leo."
Hakusema kitu. Asubuhi nikaikuta chupa dirishani,
mafuta yameganda,
na lebo ameibandika, kama anavyobandika jamu:
tarehe, na jina langu.