Kadi Inasema Toyota

Kadi inasema Toyota, macho yanasema jingine.
Askari wa trafiki pale Magomeni Mapipa
analizunguka mara mbili, anagonga boneti kwa kidole
kama mtu anayechagua tikitimaji.
Ko, ko. Faiba.
"Mzee, hili gari la wapi?"
Pua ya Italia, afande. Mgongo wa Korola
ya mwaka tisini na moja. Taa za nyuma
zilitoka kwenye kibasi kilichofia Keko.
Anacheka, ananiachia.
Kesho yake ananisimamisha tena, apige picha.

Aliniuzia rubani mstaafu, mnyunyiza dawa ya pamba,
na hakuniambia kitu. Aliniambia tu, "Utalizoea."
Asubuhi lina masharti kama mgonjwa wa sukari:
maji kwanza, lita moja na nusu kwenye rejeta,
kijiti cha oili ukipanguse mara mbili,
kisha upenyeze mkono dirishani,
maana mlango wa dereva haufunguki kwa nje
tangu masika ya mwaka juzi.
Ukikata kushoto, honi inalia yenyewe.
Kila nikiingia Mtaa wa Ndanda watu hunipungia,
nami nawapungia.
Nimepata marafiki kwa sababu ya waya mbovu.

Mita ya spidi imeandikwa mpaka mia tatu ishirini.
Kwenye sabini usukani huanza kutetemeka.
Kwenye tisini naanza mimi.

Matuta nayajua kwa madeni yake.
La Mkwajuni liling'oa bampa.
La shule ya msingi lapandwa mshazari,
gurudumu moja, jingine, taratibu,
kama mwenye kanzu nyeupe anayevuka dimbwi,
na nyuma yangu pikipiki zote za mji zinanitukana.

Gerezani naenda kwa miguu.
Fundi Shomvi alinifunza: "Wakiliona, bei inapanda ghorofa.
Wewe sema Korola, basi."
Basi nasema Korola, na pampu ya maji kwapani
imefungwa gazeti, inavuja kwenye shati.
Fedha zilizoliwa humo zingesimamisha vyumba viwili Chanika.
Siwema, mke wangu, hesabu hiyo hajaiandika popote.
Iko kichwani mwake, nayo ina riba.

Kazi yangu ni meno ya bandia.
Ufa ulipotokea juu ya tairi la mbele
Shomvi alikuwa msibani Mkuranga,
nikakoroga unga wangu wa ufizi, nikaziba, nikapiga msasa usiku.
Gari jekundu, kovu la waridi.
Aliporudi alichuchumaa, akatazama muda mrefu.
"Linang'ata?"

Bi Sikudhani wa Mtaa wa Lindi
nilimpa meno ya juu mwezi wa nne.
Wiki nzima alilalamika: yanapiga mluzi, si yake, yanamchekea.
Halafu akaja na kipande cha muwa,
akaketi kwenye benchi langu, akautafuna mbele yangu
mpaka fundo la mwisho.
Muwa haukuuliza.

Juzi mvua ilitukuta njiani, tunakwenda harusini Mbagala.
Paa linavuja penye kioo cha kujitazamia, siku zote hapo hapo.
Siwema alikuwa amekuja na kikombe cha bati.
Alikikinga bila neno, kitenge chake kikavu,
akakimwaga dirishani, akakinga tena.
Miaka saba hajalisifu gari hili hata kwa kukosea.
Tukafika njia panda ya kwa dada yake,
yule mwenye mume wa Prado, na barazani palikuwa na watu.
Njia yetu ilikuwa kulia.
Siwema akajitengeneza mtandio,
akatazama mbele.
"Kata kushoto," akasema.