Hamsini kwa Mia

Kabla ya ramani kulikuwa na kamba ya katani,
vigingi vinne vya mkoko,
na Shee akitembea juu ya magugu kwa soksi.
Viatu kaviacha barabarani: ati haingii sebuleni na viatu.
"Hapa ukumbi," akasema, kasimama juu ya kichuguu.
"Hapa jiko," nikasema, nikapanda kisiki cha mkoche.
Mwanetu Nasoro akajichagulia chumba chake,
akakojoa pembeni.

Miaka kumi na minne tumekaa Majengo,
nyumba yetu, ardhi ya mwingine.
Kila mwezi mama mkwe akipeleka kodi,
si ya paa, si ya ukuta:
ya vumbi lililo chini ya kitanda.
Ndipo hati ya Mtopanga ilipotoka,
Bi Rukiya hakuisoma.
Aliinusa.

Basi tukaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuja na simu, nyumba zote zimo ndani,
nguzo nene kama za benki.
Kidole kikapangusa, kikapangusa.
Hii iko wapi? Nyali.
Na hii? Nyali.
Hata ile yenye mbuyu wa jirani yetu wa Majengo, Nyali.

Wa pili binamu. Nisimseme, atalisoma hili.
Bei yake ilikuwa ya udugu,
na udugu nondo zake huwa nyembamba.

Mwingine alitaka nusu ya fedha kabla jembe halijagusa chini.
Mwingine akashauri tukifute chumba cha mama,
"wazee hawakai sana,"
na nyuma ya pazia Bi Rukiya akamjibu kwa kikohozi
kirefu, cha mtu mwenye mapafu mazima.

Usiku tulihesabu. Shee na kalamu ya risasi,
mimi na mgongo wa kalenda ya duka la dawa:
mawe ya timbo, kokoto, saruji,
mchanga usiotoka ufukweni
(chumvi ni mgeni asiyebisha hodi, hula chuma kimyakimya),
maji ya mkokoteni, maana kisima nacho ni cha chumvi.
Tulipofika kwenye milango tokeni zikaisha.
Milango tukaihesabu gizani,
ikawa rahisi kidogo.

Dzombo Mwachiro hakuja na picha.
Alikuja na timazi mfukoni.
Akazunguka kiwanja, akachota udongo,
akautemea mate, akaufinyanga, akautupa.
"Jua la alasiri," akauliza, "mnalitaka limpige nani?"
Hakuna aliyewahi kutuuliza hilo.
Nikasema: tuonyeshe nyumba uliyoijenga.

Akatupeleka Mishomoroni, kwa Mama Kadzo.
Hakutuonyesha ngazi wala vigae.
Alisogeza kabati.
Nyuma yake ulikuwamo ufa,
kutoka dirishani hadi sakafuni, umezibwa, bado waonekana,
kama mshono wa mwanamke aliyepasuliwa.
"Huu ni wangu," akasema.
"Niliharakisha msingi. Kulikuwa na arusi kwetu.
Kila masika huja kuutazama. Mwaka wa tisa huu haujasogea."
Mama Kadzo akadakia toka jikoni:
"Na kila masika anamaliza maandazi yangu!"

Njiani Shee alikuwa kimya hadi Kongowea.
"Ana ufa," akasema.
"Wote wanao. Huyu anajua ulipo."
Hakukubali. Alinunua ndizi, akala mbili,
akanipa ya tatu. Kwa Shee hiyo ni sahihi.

Leo asubuhi tumerudi kiwanjani, sote,
Bi Rukiya juu ya kiti cha plastiki pale atakapotaka baraza,
akilalamika kwamba baraza lenyewe ni fupi.
Dzombo ameinua mkono, ameuachilia uzi.
Risasi inayumba, kulia, kushoto,
juu ya mahali pasipo na kitu.
Nasoro ameziba pumzi.
Nami pia, sijui tangu lini.
Tunangoja itulie.