Nafaka

Hakimu wa Sib alipotamka nafaka
sikio langu la Kiswahili lilisikia mtama,
lilisikia uwele unaopetwa uani kwa nyanya.
Wakili akaniinamia: "Matunzo, bibi. Riyali themanini na tano kwa mwezi."
Nikamuuliza, na mlaji yuko wapi?

Mlaji alikwenda kununua viatu.
Jumamosi, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa,
namba ishirini na nane, vyeusi, visivyo na kamba.
Babake alisema Barka, tutarudi kabla ya Alasiri.
Ikaadhiniwa Alasiri. Ikaadhiniwa Magharibi.
Mchuzi ukafanya ngozi sufuriani.
Saa nne usiku, ujumbe: Tuko Sharja. Usisumbuke.

Usisumbuke!
Kana kwamba aliyechukuliwa ni mwavuli.

Nikajifunza mihuri kama mtoto ajifunzavyo alifu na be.
Wizara ya Sheria. Mambo ya Nje.
Ubalozi kule Abu Dhabi, dirisha la sita,
ambako kijana mwenye manukato mazito aliniambia
karatasi yako nzuri, ila imekuja bila pacha wake.
Nikamfuata pacha Maskati, saa tano za barabara.
Narudi naye, dirisha limefungwa kwa Idi.

Na Mundhiri huko alikuwa na karatasi yake:
kwamba mimi ni nashiza, mke mkaidi, nimeihama nyumba,
nyumba ambayo ufunguo wake
ulikuwa shingoni mwangu wakati akiyasema hayo.
Wapiganapo fahali wawili, nyasi huumia.
Nyasi hii ina miaka sita
na haiwezi kulala taa ikizimwa.

Kila tarehe ishirini na saba simu inalia:
themanini na tano zimeingia.
Kampuni yake iko Ruwi, inamkata kabla mshahara haujamfikia.
Sheria ina mkono mrefu wa kuingia mfukoni mwa mtu,
mfupi wa kugonga mlango wake.
Sikuzila. Wakili, nazo. Petroli, nazo. Nakala, nazo.
Mundhiri amejishitaki kwa pesa yake mwenyewe
na hajui. Nilicheka mara moja tu, peke yangu, garini,
nikajiogopa.

Alhamisi, dakika kumi za video.
"Mama, jino limeng'oka."
Mimi ni karani wa daktari wa meno,
meno ya watoto wa watu nayaandika kutwa.
"Umelirusha juu ya paa?"
"Sisi tuko ghorofa ya kumi na tisa. Baba kalitia kwenye taka."
Alisema kwa Kiarabu. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki
yale maneno ya kulilia: njaa, usingizi, toka, sitaki.

Mwaka na miezi saba.

Chumba cha kukabidhiana kilikuwa na zulia la kijani
na mwanasesere asiye na mkono.
Mundhiri alimleta mwenyewe. Alikuwa amemsuka,
vibaya, mikia miwili isiyolingana,
na hilo sikuwa nimejiandaa nalo: kwamba mwizi
huamka alfajiri akahangaika na kitana.

Mpakani, Khatmat Malaha, askari alisoma faili langu lote
kisha akainama dirishani kwa mtoto:
"Huyu ni nani wako?"
Buthaina akafikiri.
Mihuri yote ile haikuchukua muda kama huo.
Akasema, "Ndiye anayepiga Alhamisi."
Askari akanitazama, akagonga.

Sasa usiku anamlilia babake
kwa lafudhi ya Sharja. Nikimwimbia ananiziba mdomo
kwa kiganja chenye harufu ya sabuni yangu.
Sijui hilo linapelekwa dirisha la ngapi.

Leo ishirini na saba. Zimeingia.
Nimempeleka Barka kununua viatu.
Nilimwambia muuzaji ishirini na nane,
ulimi ulitangulia.
Akapiga goti, akaushika mguu, akaupima:
thelathini na mbili.