Safu ya Mto

Miaka kumi na tisa nimetunza vitabu vya kiwanda,
Vingunguti, si mbali na machinjio,
na mfereji wetu ulikuwa kalenda ya mtaa:
Jumatatu mwekundu, Jumatano wa samawati,
mwisho wa mwezi mweusi tii, tukiosha mapipa.
Mama Siwatu, mwenye matuta ya mchicha kule bondeni,
alijua kanga za Idi zina rangi gani
kabla hazijafika Kariakoo.

Vitabuni niliandika kila kitu:
chumvi, magadi, dizeli, chai ya wapishi wa rangi,
hata msumari uliopotea una tarehe yake.
Mto sikuukatia safu.
Mto ulikuwa bure, na cha bure
nani hukidai risiti?

Kisha yakaja mawili, mwezi mmoja.
La kwanza lilikuja kwa pikipiki:
Anyelwisye, mkaguzi, kijana wa buti za mpira,
akachota mfereji kwa chupa, akaiinua juani.
"Hii soda ya nani?"
Hakucheka. Alituachia siku mia moja na themanini.
La pili lilikuja kwa redio:
mkataba umetiwa saini, ushuru sifuri,
mpaka sasa ni mstari wa chaki.

Wiki ya tatu kanga za jirani zikashuka Kariakoo,
jora kwa jora, bei chini ya gharama ya rangi yetu.
Nilinunua doti moja. Niliinusa, nikaifua.
Haikuchuja.
Mahali fulani, nikawaza, kuna mfereji wenye kalenda,
na mhasibu kama mimi, asiye na safu.
Kitambaa kinavuka na karatasi zake zote;
mto haupiti forodhani.

Bwana Pravin alituita chumba cha juu, feni imekufa.
"Mapipa tuyahamishie kwao," alisema. "Rangi tutie huko,
hapa tukate, tufungashe. Asili ya bidhaa bado ni ya ukanda,
mkataba unaruhusu. Nimeusoma mara mbili."
Kweli, unaruhusu. Nilipiga hesabu palepale: inalipa.
Ndipo Eliaichi, mpishi wa rangi, vidole buluu hadi kwenye kucha,
akauliza, kama mtu anayeuliza saa:
"Na wao wakipata mkaguzi, tutahamia wapi?"

Hakuna aliyejibu. Ila jioni ile nilichora safu.
Sikuichora kwa huruma, niseme ukweli.
Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ametaka cheti cha maji,
na bila cheti, jora elfu sita zingelala ghalani.
Hofu ya sheria na tamaa ya soko:
maksai wawili wasiopendana, nira moja,
na plau ikalima.

Tukachimba mabwawa manne palipokuwa maegesho.
Mkopo wa miaka saba.
Watu kumi na mmoja walirudi makwao;
majina yao ninayo, ukurasa wa mwisho, kwa penseli.
Doti ikapanda shilingi mia nne.
Wateja wengine walituhama. Waliobaki
sijawahi kuwauliza kwa nini.

Juzi Mama Siwatu alipanda hadi getini,
kapu kichwani, wasiwasi usoni.
"Mmefunga? Wiki ya pili hii mfereji hauna rangi."
Nikamwambia hatujafunga.
Akautazama moshi wa bomba, akanitazama mimi.
"Sasa nitajuaje Idi inakuja na nini?"

Usiku nilibaki na vitabu.
Safu ya mto ina tarakimu sasa, nyingi kwa wino mwekundu.
Na nyuma ya ukuta, magunia arobaini ya tope
lililochujwa, rangi zote zimelala pamoja,
yanangoja kibali cha kwenda mahali
ambapo hakuna aliyekubali kupataja.