Mwarobaini Namba Saba

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Agosti,
kabla mvua hazijaja kuosha ushahidi,
nakwenda Nala na ngazi ya kuazima,
mkasi, bahasha za kaki, penseli.
Wino hukimbia jasho. Penseli hustahimili.

Miti kumi na miwili, miarobaini mitupu.
Sikuichagua kwa uzuri. Ilikuwapo
kabla ya bomba la moshi la kiwanda cha vigae,
na bomba lilipowashwa haikuwa na pa kuhamia.

Nachuma upande unaotazama bomba,
majani hamsini kwa kila mti. Nahesabu kwa Kigogo,
kama nilivyofunzwa kuhesabu mbuzi wakirudi zizini,
nisimpoteze hata mmoja.

Jani hunywa mzizini, hunywa na hewani.
Maji huondoka na jua. Boroni haiondoki:
hujisogeza hadi ukingoni, ikajikusanya
kama chumvi pembezoni mwa Bwawa la Bahi
maji yakishakauka.
Ndipo ncha hugeuka kahawia,
pindo la kanga lililopita karibu mno na jiko.

Ndahani, mlinzi, hunicheka getini:
"Dada Sechelela, siku hizi vumbi nalo hupimwa?"
Vumbi la Dodoma halina hila, namwambia,
ni jekundu, unaliona likija.
Hiki ninachokitafuta hakina rangi.
Anakohoa. Anaongeza sauti ya redio.

Mwaka wa mvua nyingi majani yalitoka safi,
nikajishuku mimi, nikashuku mizani ya maabara.
Mwaka uliofuata ukame ulinijibu.

Safari hii nimekuta miti kumi na mmoja.
Namba saba, ulioungua kuliko yote,
ni kisiki, utomvu haujakauka.
Hakuna aliyeukata. Nimeuliza nyumba nne.
Ya nne, moshi wa jikoni ulikuwa mchungu;
mama akanitazama, akanitazama,
akafunika chungu cha mlenda.

Nikapiga magoti, nikahesabu pete: kumi na tisa.
Moyo ulitaka zinisomee mwaka kwa mwaka
kama daftari la madeni la dukani.
Haziwezi. Ndani ya gogo boroni hutembea,
huvuka pete hadi pete, tarehe zikachanganyika.
Gome ndilo hushika.
Nikabandua kipande, upana wa kiganja.

Bahasha yake nilishaiandika
alfajiri, mezani, kwa mazoea:
Na. 7. Majani hamsini.
Sikufuta.
Nikaongeza chini yake, kwa penseli,
gome.