Sakafu ya Mtaa wa Barton

Tumeng'oa zulia, chini yake vigae,
chini ya vigae gundi nyeusi kama lami,
na chini ya gundi, saa nane usiku, zege.

Hamilton, Februari. Nje katapila linasukuma theluji;
ndani mashine yangu inanguruma,
meno ya almasi, namba arobaini,
kisha themanini, mia mbili, mia nne.
Mama angecheka: almasi, na bado unadaiwa kodi?

Bwana Medeiros anataka duka lake la mikate
liwe na sakafu isiyodai nta kila mwaka.
"Niwekee mng'ao," alisema.
Sikumwambia kwamba hatuweki kitu.
Tunapunguza.
Kila mzunguko unakula unene wa ukucha,
kokoto zinafumbua macho:
hii ya kijani, hii rangi ya ini,
ile nyeupe kama jino la kwanza.

Karibu na mlango wa nyuma nikazima mashine.
Nyayo nne za paka, zimejaa gundi.
Alipita zege likiwa bado uji,
na fundi wa siku hiyo, simjui jina,
alimtukana, nadhani, kisha akaziacha.

Nikazichokonoa kwa msumari.

Alfajiri Medeiros akaja na ndoo ya kuzibia.
Akainama, akavua glavu,
akatia kidole katika unyayo wa kwanza
kama anayepima joto la maziwa ya mtoto.
Ndoo ikarudi garini.

Nimemalizia elfu tatu.
Taa za dari zimelala humo chini.
Mkaguzi akauliza: haitelezi?
Nikamwambia, muulize paka.