Matundu ya Sahani

Tulitoka Chanika kabla ya adhana ya alfajiri,
sita na dereva, ndani ya Noah ya kukodi.
Baba mbele, na daftari lenye mistari mipana
alimonakili tarehe wiki nzima kwa kalamu nyekundu,
kama mwalimu anayekwenda kuusahihisha mji.

Shangazi Mwanamvua alipakata sufuria la pilau
kwa kuwa, alisema, chakula cha Bagamoyo ni cha wageni,
na sisi si wageni, sisi ni wapita njia.
Pazi alitapika Bunju. Akatapika tena Mapinga.
Mama alikuwa na mifuko tayari. Mama hakosi mifuko.

"Mwaka elfu moja mia nane..." Baba alianza langoni,
na mwongozaji, kijana Kibwana, fulana imempauka mabegani,
akamwacha amalize, kwa adabu,
kisha akasema, "Mzee, hiyo ni ya boma. Hapa ni ngome."
Tulicheka. Baba hakucheka.
Alifungua daftari akakata mstari mmoja.

Ndani, kuta bado zilikuwa na ubaridi wa usiku.
Kibwana akatuonyesha mlango mfupi.
Waliopitishwa hapa, alisema, walipita wameinama.
Hakuongeza neno.
Baba, mrefu kuliko wote, akainama aone,
akabaki ameinama
mpaka Sikudhani akamvuta shati.
Alitoka na chokaa utosini, na hakuna aliyempangusa.

Misheni, chini ya mnara,
tukaambiwa habari ya Mskoti mmoja, msafiri,
maiti yake ilivyokaushwa ikabebwa kutoka bara,
miezi kwa miezi, na watu waliokwenda kwa miguu,
ikalazwa hapa kabla ya kuvuka bahari.
Shangazi alikuwa amevua viatu, kavishika mkononi,
vifundo vimemjaa kama maandazi.
"Na waliombeba," akauliza,
"nani aliwapa maji ya kuosha miguu?"
Kibwana akafungua mdomo. Akaufunga.
"Hilo sijawahi kuulizwa, mama."

Kaole, kwenye kibanda cha tiketi,
Mama aliuliza kama mtoto wa kubebwa analipiwa,
kisha akambeba Pazi, wa miaka tisa,
miguu ikiburura mchangani.

Makaburi yale yana nguzo, nguzo zina matundu,
mviringo, mviringo, yakitutazama.
Humu, alisema Kibwana, yalipachikwa mabakuli ya Kichina.
Wakati umeyang'oa, au mikono.
Wengine wakasogea kisimani.
Mama hakusogea.

Mimi nilijua anatazama nini.
Kabati letu la sebuleni, rafu ya pili,
duara sita ambamo vumbi halikuwa limefika,
pale zilipokaa sahani za maua ya buluu, za arusi yake,
zilizoondoka Februari na mwanamke wa Gongo la Mboto
ili mimi nirudi shule na risiti.
Hatujawahi kulitaja.
Kila Ijumaa hufuta kabati lote
akiziruka zile duara.

Alitia kidole tunduni, akakizungusha taratibu,
kama anayetafuta ufa kwenye chombo kabla ya kununua.
"Kumbe hata wafu," akasema, "huuza vyombo."
Akacheka kwa pua. Nami nikacheka,
halafu nikawa sioni vizuri nguzo.

Saa nane tukaegesha kivulini, milango wazi.
Shangazi akafunua sufuria, mvuke ukatutoka machozi,
ndipo ikajulikana: sahani zimebaki Chanika,
juu ya ndoo, zimefunikwa kanga.
Lawama zikazunguka gari mara mbili.
Dereva akala kwenye mfuniko. Pazi akala kwenye kiganja.

Baba hakusema kitu. Akachana karatasi daftarini,
moja, kisha nyingine, akazipandanisha,
akampakulia Mama wa kwanza,
na nyama yote ya juu.
Mafuta yakapenya polepole,
wino mwekundu ukatawanyika chini ya wali,
na Mama akala, tonge kwa tonge,
mpaka akaufikia mwaka, usiosomeka tena.